Miguu ya Wazee na Kumbukumbu za Taifa: Historia Fupi ya Mazoezi na Ubongo

Sisi tunaosoma historia nchini Sudan Kusini tuna deni kubwa kwa vichwa vya wazee wetu. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, baada ya vita viwili virefu: cha kwanza kilichoanza 1955 na kumalizwa na mkataba wa Addis Ababa wa 1972, na cha pili cha 1983 hadi 2005. Katika miaka hiyo karatasi nyingi ziliungua, zililiwa na mchwa au zilipotea. Nyaraka za serikali zilizosalia zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba kabla ya kupata nyumba. Kwa hiyo mwanafunzi akitaka kujua kijiji fulani kilihama lini, au ukoo fulani ulipatanaje na jirani zake, mara nyingi hapati kitabu cha kufungua. Huenda kwa mzee, huketi chini na husikiliza.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini je, mzee mwenyewe akianza kusahau, neno litahifadhiwa na nani? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nitafuatilia historia ya wazo moja: kwamba mwendo wa mwili husaidia kulinda ubongo na kupunguza uwezekano wa kupata magonjwa yanayouharibu kidogo kidogo. Nitaeleza wazo hilo lilitoka wapi, lilipingwa vipi, na linatuhusu nini sisi wakazi wa Gudele. Hoja yangu ni kwamba babu zetu hawakuhitaji kufanya mazoezi kwa sababu maisha yao yalikuwa mwendo mtupu. Vita na maisha ya mjini vimetuondolea mwendo huo, na sasa inatubidi tuurudishe kwa makusudi, hasa kwa wazee.

Nianze na maisha ya zamani. Wafugaji wa Kidinka, Kinuer na Kimundari walihama na ng'ombe wao kufuata maji na majani. Mvua zikinyesha walikwenda nyanda za juu, na wakati wa kiangazi walishuka kwenye mabonde karibu na mto na kujenga kambi. Wakulima wa Kibari, Kikuku na Kizande walilima kwa jembe la mkono. Wanawake walichota maji, walisaga nafaka kwa jiwe, walikata nyasi za kuezekea na kubeba kuni kichwani. Vijana walipigana mieleka, na mpaka leo mieleka ya Wamundari na Wadinka wa Bor hukusanya watu wengi hapa Juba. Hakuna aliyeviita vitu hivyo mazoezi. Ilikuwa kazi, safari au sherehe.

Lakini tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Wengi walikufa mapema kwa malaria, kwa uzazi na kwa njaa, kwa hiyo ni wachache waliofikia umri ambao magonjwa ya kusahau hujitokeza zaidi. Mtu akisema zamani hakukuwa na wazee wanaopotea njia ya nyumbani, sehemu ya jibu ni kwamba zamani wazee wenyewe hawakuwa wengi.

Wazo kwamba mwendo ni dawa si geni katika vitabu vya tiba. Ibn Sina, tabibu aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha tiba mnamo mwaka 1025, alitenga sehemu ya kueleza mazoezi na faida zake katika kutunza afya. Hata hivyo, magonjwa ya ubongo ninayoyazungumzia yalipata majina yake baadaye sana. Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alieleza ugonjwa wa kutetemeka ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza kisa cha mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, ambaye ubongo wake ulipopimwa baada ya kifo ulionekana umesinyaa na una uchafu wa ajabu ndani na nje ya seli. Katika magonjwa haya yote mawili, seli za neva hufa polepole kwa miaka mingi. Ugonjwa wa Alzheimer ndio sababu kubwa zaidi ya dimenshia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitegemea.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba hakuna la kufanya. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, mmoja wa waasisi wa elimu ya neva, alifundisha kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kufungwa. Kila kitu kinaweza kufa, hakuna kinachozaliwa upya. Kama hivyo ndivyo, mzee anayesahau angefanya nini isipokuwa kungojea?

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na watu wa moyo, si watu wa ubongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris wa Uingereza aliwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Walivaa sare moja, walilipwa na mwajiri mmoja na kupita barabara zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba dereva alikaa kutwa nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi mara nyingi kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makonda walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Yeyote aliyepanda matatu hapa Juba ataelewa mfano huo mara moja: watu wawili katika gari moja, mmoja ameketi na mwingine anarukaruka mlangoni. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamasai wa Tanzania, wanaokula nyama na kunywa maziwa kwa wingi, akakuta ugonjwa wa moyo ni nadra kwao. Kutembea kwao kutwa nzima kulikuwa moja ya sababu alizozitaja.

Mambo haya yanahusu ubongo kwa njia rahisi. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Chakula chake na hewa yake huletwa na damu. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo inayoulisha, na mishipa ikiharibika seli hukosa chakula. Kwa hiyo kinacholinda moyo na mishipa hulinda pia kichwa. Ndiyo faida ya kwanza ya mazoezi, na ndiyo ambayo wataalamu hawaibishani juu yake.

Faida ya pili iligunduliwa mwishoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1995 watafiti wa California, akiwamo Carl Cotman, walionyesha kwamba panya waliokimbia kwenye gurudumu walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha protini inayolisha seli za neva na kuzisaidia kuungana. Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao walitangaza kwamba seli mpya za neva huzaliwa hata katika ubongo wa binadamu mtu mzima, ndani ya sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ni kama lango la kumbukumbu. Jambo hilo bado linabishaniwa kwa binadamu, lakini kwa panya liko wazi. Mwaka 1999 Henriette van Praag, akifanya kazi na Gage, alionyesha kwamba panya waliopewa nafasi ya kukimbia walipata seli mpya nyingi zaidi na walijifunza vizuri zaidi. Kumbe mafundisho ya Cajal hayakuwa neno la mwisho.

Je, na watu? Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 120 nchini Marekani. Nusu yao walitembea kwa bidii, wakifikia dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Hipokampasi ya watembeaji iliongezeka kwa takriban asilimia 2, na ya wenzao ilipungua, kama kawaida ya uzeeni. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini kilichotumika ndani yake kilikuwa miguu tu.

Mwanahistoria mwema husikiliza pia upande wa pili. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wafanyakazi wa serikali zaidi ya 10,000 wa London kwa muda wa miaka 28. Haukukuta kwamba waliofanya mazoezi katika umri wa makamo walipata dimenshia mara chache zaidi. Ulikuta jambo jingine: waliokuja kuugua walianza kupunguza mwendo miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kutambuliwa, hata miaka 9. Yaani pengine si kukaa kulikoleta ugonjwa, bali ugonjwa uliojificha ndio uliowakalisha. Hoja hiyo ni nzito, na tafiti nyingine zimekuta vinginevyo. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, lililopima ushahidi wote, lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana nayo. Kukosa mazoezi ni moja kati ya hayo 14. Mengine ni pamoja na elimu kidogo utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, majeraha ya kichwa, uziwi na upweke. Kwa hiyo mazoezi ni jiwe moja kati ya mafiga kadhaa. Jiwe moja halibebi chungu, lakini ukiliondoa chungu kitainama.

Sasa nirudi kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu ushahidi hautoki London na Marekani tu. Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado huwinda na kuchimba mizizi. Watafiti waliowavalisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo walikuta kwamba hufanya mwendo wa nguvu ya kati au zaidi kwa muda wa saa mbili na robo hivi kwa siku, na wazee wao hawapungukiwi sana. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mwendo wa namna hiyo angalau dakika 150 kwa wiki nzima! Mhadza huzimaliza kabla ya siku ya pili kwisha.

Lakini katika Tanzania hiyohiyo, wilayani Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, madaktari waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kwamba zaidi ya asilimia 6 walikuwa na dimenshia. Hai ni nchi ya wakulima wanaopanda na kushuka vilima, wala si watu wa kukaa. Somo lake ni kwamba dimenshia si ugonjwa wa Wazungu, na jembe peke yake si kinga kamili. Mwafrika akiishi muda mrefu, naye anaweza kuupata.

Kuna somo chungu zaidi, na hili ni la kwetu. Katika maeneo ya Mundri na Maridi, magharibi mwa Juba, watoto wengi wamepata ugonjwa wa kuinamisha kichwa tena na tena, ukifuatiwa na kifafa na kudumaa kwa akili. Ugonjwa wa namna hiyo ulielezwa na daktari Louise Jilek-Aall huko Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960, na baadaye ukaonekana kaskazini mwa Uganda. Unaandamana na usubi, unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa kwenye mito yenye maji ya kasi. Uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa waliofariki Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta marundo ya protini ya tau, ileile ambayo hukutwa pia katika ugonjwa wa Alzheimer. Watoto hawa walikimbia, walicheza na kuchunga mbuzi kama wenzao wote. Mwendo haukuwakinga. Kinachohitajika kwao ni dawa ya usubi kila mwaka, dawa za kifafa na kupambana na inzi wale. Ninalitaja hili ili msomaji asidhani namwambia kila mgonjwa akakimbie. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kila ugonjwa una kinga yake.

Baada ya kusema hayo, nitazame Gudele. Mtaa huu uko magharibi ya Juba, na Jebel Kujur inaonekana kutoka kwetu. Baada ya amani ya 2005 watu walirudi kutoka Khartoum, Uganda, Kenya na vijijini, wakapima viwanja na kujenga, mpaka ikawa Gudele One na Gudele Two. Kisha vikaja vita vya Desemba 2013. Gudele iliona mauaji, na maelfu ya watu wa Juba walikimbilia katika kambi za Umoja wa Mataifa. Mtu aliyezoea kutembea na ng'ombe upeo wa macho akawa anaishi miaka ndani ya uzio, hema kwa hema, akingojea chakula cha msaada. Historia yetu huhesabu waliouawa na waliokimbia. Ni mara chache huhesabu waliokalishwa.

Hata bila uzio, mji hukalisha. Maji huletwa na gari au na punda. Sokoni huenda bodaboda au raksha, kama tunavyoiita bajaji. Shamba liko mbali, na pengine njia yake si salama. Mzee aliyeletwa mjini na wanawe hupewa kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, na hapo hukaa mpaka jua linapozama. Nasi tunaita hiyo heshima. Bibi yangu mzaa baba alilima Kajo-Keji maisha yake yote na kuvuka mpaka wa Uganda kwa miguu zaidi ya mara moja. Alipoletwa Gudele, akigusa ufagio tu, shangazi zangu humkimbilia: "Mama, wacha, pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha!" Siku moja aliwajibu kwamba nyumbani kwao anayepumzika kutwa ni mgonjwa au marehemu. Alichukua ufagio wake. Siku hizi hufagia uwanja asubuhi na hutembea nasi mpaka kanisani, ingawa sasa husahau nilichomwambia jana. Sisemi kwamba ufagio umemponya. Ninasema kwamba akiwa anatembea hutaja majina: huyu wa ukoo gani, mti ule unaitwaje kwao, mwaka ule wa kukimbia tulilala wapi. Akiwa kwenye kiti hunyamaza. Mengi ninayoyajua juu ya ukoo wetu niliyaandika nikiwa kando yake njiani.

Hapa lazima nijibu pingamizi moja. Mtu anaweza kuuliza: kama kutembea hulinda ubongo, mbona watu wetu waliotembea kuliko wote wameumia hivi? Watoto waliokimbia Sudan mwishoni mwa miaka ya 1980 walitembea mpaka Ethiopia, wakafukuzwa na vita tena mwaka 1991, na wengi wakafika Kakuma, Kenya, mwaka 1992. Kuna waliokufa kwa kiu, kwa risasi na kwa wanyama. Jibu langu ni kwamba mwendo wa hofu na njaa si zoezi. Zoezi ni mwendo wa mtu aliyekula, aliyelala na anayejua atarudi nyumbani. Ndiyo maana siwezi kutenganisha afya ya ubongo na amani. Barabara ambayo bibi hawezi kupita kwa kuogopa bunduki ni hasara kwa mfuko wa taifa na pia kwa kumbukumbu zake.

Basi tufanye nini? Hatuhitaji jumba la mazoezi lenye mashine. Dakika 150 kwa wiki ni karibu nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Juba ina joto kali. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, kwa hiyo mzee atembee alfajiri au jioni, na anywe maji. Asitembee peke yake, kwa sababu ya pikipiki na mashimo, na pia kwa sababu mazungumzo ni dawa ya upweke, ambao nao umo katika yale mambo 14. Ngoma kanisani, bustani ya bamia nyuma ya nyumba, kupepeta unga, kutembelea jamaa waliofiwa, vyote ni mwendo. Mwenye kisukari au moyo dhaifu amwone mhudumu wa afya kwanza na apimwe shinikizo la damu. Bodaboda wavae helmeti, kwa kuwa jeraha la kichwa la kijana wa leo linaweza kuwa usahaulifu wa mzee wa kesho.

Kwa kumalizia, historia niliyoisimulia ina zamu mbili. Elimu ya tiba iliamini kwamba ubongo haubadiliki, kisha ikajifunza kwamba unasikia kila hatua ya mguu. Jamii yetu ilitembea bila kufikiri, kisha ikakalishwa na vita na mji. Hatuwezi kurudi kambi za ng'ombe sote, wala mwendo hautazuia kila ugonjwa. Lakini tunaweza kubadilisha maana ya heshima. Tusimheshimu mzee kwa kumnyang'anya jembe na fimbo yake ya kutembelea. Tumheshimu kwa kutembea naye, polepole kama anavyotaka, na daftari mkononi.